Kichwa Chake Mtoni

Bango nililichora mimi, kwa hiyo sehemu ya sifa ni yangu. Siku hizi nikisikia mtu anasimulia kisa hiki bila kulitaja bango, namkatiza hapo hapo, awe nani awe nani. Ni ubao wa kawaida, rangi nyeupe, herufi nyekundu: MITO INAUZWA HAPA. Nilitaka kuchora na picha ya mto chini yake, mto mnene wenye pindo, lakini rangi ikaniishia kwenye ile A ya mwisho. Mwenye bango alinuna.

"Na picha je?"

"Shangazi, herufi zinatosha. Nani asiyejua kusoma?"

"Kusoma ni kitu kimoja, kuelewa ni kingine," akasema, akalitundika hivyo hivyo.

Huyo ndiye Shangazi Sufi, dada mkubwa wa marehemu baba yangu, fundi wa mito na magodoro. Mji mzima unamwita hivyo kwa sababu sufi haimtoki mwilini. Ile pamba nyepesi anayojazia mito iko kwenye nyusi zake, kwenye mikunjo ya khanga, mpaka kwenye chai yako ukimtembelea. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu ya ukoo: cherehani ya kukanyaga, marobota yamefika darini, na sindano ndefu za kushonea magodoro zimechomekwa ukutani kwa mstari. Akimaliza mto anaupiga makofi mawili, anauweka mezani, analaza sikio juu yake na kufumba macho. Anasikiliza. Mto ukifanya vijisauti vya mbegu zilizosahaulika, anaufumua wote na kuanza upya. Anasema mto mzuri ni ule usiokuwa na maneno.

Yeye mwenyewe ana maneno. Ukoo wetu haujui kunong'ona. Tukisengenyana jikoni, anayesengenywa anajibu kutoka barabarani.

Mteja mmoja tu hajawahi kuridhika naye, na huyo ni mama yake mzazi. Mganga hajigangi, sawa, lakini hii ilipita kiasi. Bibi analala chumba cha nyuma, na kila mto aliopelekewa aliurudisha. Huu mgumu. Huu unazama. Huu unanipandisha kama niko juu ya ngazi. Watu walitoka miji mingine kufuata mito ya Shangazi, na mama yake akalalia kitu kikuukuu kama mkate uliokaliwa, akidai angalau kinamjua.

Kitanda cha Bibi nacho kina mambo yake. Miguu yake minne imezama kwenye saruji ya sakafu. Babu, aliyehamia kwa mkewe baada ya ndoa, ndiye aliyemwaga saruji ile, na alipotaka kukisogeza kitanda ukutani kidogo ili apate nafasi, mama mkwe alimjia juu. Kitanda hiki hakihami. Kwa nini? Hakihami. Basi Babu, mtu wa amani, akamwaga saruji kukizunguka, na mchwa walipokula mbao akaweka nyingine kwenye matundu yale yale. Kichwani mwa kitanda kuna ukuta wa uani. Miguuni kuna mlango. Tulikua tukiona ni ukaidi wa kawaida wa kwetu.

Sasa nimwingize Bi Kengele, maana bila yeye hakuna kisa.

Zamani za wavamizi, mji wetu ulikuwa na kengele moja juu ya nguzo na mwanamke mmoja wa kuipiga. Kila wavamizi walipokuja, kengele ililia kabla hawajafika, wakakuta majiko yana moto na nyumba hazina watu. Kamanda wao akaapa atamtundika mwanamke yule chini ya kengele yake, akiwa hai au maiti. Haikuwa hivyo. Bi Kengele alikufa kwa homa, kitandani kwake, wavamizi wakiwa wamepiga kambi nje ya mji. Walipoingia, wakakuta kengele haina ulimi, kile chuma cha ndani kinachoiliza, na Bi Kengele haonekani. Wakauliza mlango hadi mlango: yuko wapi? Kila mtu akajibu jibu moja: yuko mtoni. Wakaupekua mto ng'ambo zote mbili, wakachoka, wakaugua, wakaondoka.

Hayo tulifundishwa shuleni, tena kwa majivuno: wazee wetu walimzika mtoni kwa ustadi kiasi kwamba adui hakuona hata jani limegeuzwa. Tatizo ni kwamba na sisi hatukuliona. Waliomzika walikula kiapo cha kunyamaza, wakafa nacho. Kikabaki kiwimbo, ambacho kila mtoto wa hapa anabembelezwa nacho:

Bi Kengele kalala,
kichwa chake mtoni,
miguu yake mlangoni,
asimwamshe mgeni.

Kwa hesabu ya kila mwenye akili, hiyo ilikuwa ramani. Kichwa upande wa mto, miguu upande wa mlango wa mto, pale unapoingia ziwani. Kwa hiyo mlangoni mwa mto kukachimbwa. Kila kizazi kilichimba mashimo yake. Ng'ombe walitumbukia humo, na walevi pia. Mwaka mmoja ikapatikana mifupa! Mkuu wa mji akaja na mashada, akasoma hotuba ndefu, watu wakalia. Baadaye daktari wa mifugo akaomba kuiangalia kwa karibu, akasema kwa upole kuwa marehemu alikuwa punda.

Bibi ni kitukuu cha Bi Kengele. Shangazi ni kilembwe, mimi ni kining'ina. Na Bibi alipoanza kuishiwa pumzi, akawa anapumzika mara mbili kutoka kitandani hadi kwenye kiti, alimwita Shangazi. Mimi nilikuwepo, nimeshika bakuli la uji.

"Nikifa msinipeleke kule makaburi ya mjini nikalale na watu nisiowajua. Nilazeni karibu na Bi Kengele."

"Mama, hatujui aliko."

"Ndiyo maana nakwambia mapema. Nikifika kwa waliotangulia, wote wataniuliza: wewe uliyebaki nyumbani, mama yetu ulimwacha wapi? Niwajibu nini? Niwaonyeshe yule punda?"

Tulicheka, lakini Bibi hakucheka. Akamshika bintiye mkono.

"Mtafute, mwanangu. Nakusubiri. Ila sisubiri sana."

Tangu siku hiyo Shangazi hakuwa na mapumziko. Kila siku asiyoshona alikuwa mtoni na Mwalimu, mstaafu wa somo la historia, mwembamba, mwenye mwavuli na ramani alizochora mwenyewe. Mwalimu alikuwa akimtafuta Bi Kengele tangu ana nywele. Yeye ndiye aliyekuwa akituambia alama ya kumtambua: "Ulimi wa kengele haukupatikana kamwe. Waliivua kengele ulimi wakampa mwenyewe. Tukiupata ulimi, tumempata." Walichimba, wakafukia, wakagombana kuhusu maana ya kila neno, wakarudi jioni wamepakaa tope mpaka masikioni. Bibi alikuwa akiuliza kutoka chumbani, "Vipi?" Shangazi alijibu, "Bado, Mama." Sauti ya Bibi ikaanza kuwa ndogo, na katika ukoo wetu hiyo ni dalili mbaya kuliko homa. Nilikuwa naogopa. Nasema wazi: nilimwona Shangazi amekaa kwenye robota la sufi analia, akajifanya ni vumbi.

Ndipo akaja mhandisi mmoja.

Alikuwa mgeni, ameletwa kupima mahali pa kujenga daraja jipya, na asubuhi ile alikuja kutafuta godoro la chumba alichopanga. Viatu vyake vilikuwa vimelowa hadi kwenye soksi. Alisimama nje, akasoma bango langu, akasoma tena, akaanza kucheka peke yake.

"Hodi! Mama, samahani. Mnauza mito?"

"Karibu. Tunauza."

"Mimi huu mmoja tu wa hapa unanishinda kuuvuka, na nyinyi mnayo ya kuuza! Mnaiweka wapi? Na mtu akinunua anaubeba mgongoni au mnampelekea?"

Ulikuwa utani wa kawaida, na nilishaanza kujitetea kwamba rangi iliniishia. Shangazi alicheka kwanza, kicheko chake kile cha kutikisa marobota. Halafu kicheko kikakatika. Alikuwa anashona pindo la mto. Sindano ikabaki hewani. Aliutazama ule mto mapajani mwake, akalitazama bango kwa nyuma, akautazama mto tena.

"Mto," akasema.

"Naam?" akasema mhandisi.

"Kichwa chake mtoni."

"Mama, uko salama?"

"Kichwa chake MTONI!" Alisimama kwa nguvu, cherehani ikayumba, sufi ikatimka chumba kizima. "Miguu yake mlangoni! We mtoto! Mtu akilala, kichwa kinakuwa wapi?"

"Kwenye... mto," nikasema.

"Na miguu?"

Wote wawili tuligeuka kuangalia ukumbi, mpaka mwisho wake, kwenye mlango wa chumba cha nyuma uliokuwa wazi. Kutoka pale tulipokuwa tulimwona Bibi amelala. Kilichoonekana kwanza ni nyayo zake, zimeelekea mlangoni.

Shangazi alijipiga kofi kwenye paji la uso, nalo likasikika. "Ninashona mito tangu sijaota meno ya utu uzima! Mito! Nakula mito, nalala mito, halafu kila wiki naenda kuchimba tope la ziwani! Mimi ni punda kuliko yule punda!"

Nilimwacha mhandisi amesimama na soksi zake, nikatoka mbio kumfuata Mwalimu. Nilimkuta anakunywa chai kibarazani. Nilimwambia mambo mawili tu, neno na kitanda. Akaweka kikombe chini, pembeni ya meza, kikaanguka, hakukitazama. Nilidhani atabisha, maana kubisha ndiyo kazi yake. Badala yake mzee yule aliruka.

"Yuko mtoni! Walimjibu kamanda, yuko mtoni! Hawakudanganya hata kidogo! Wale wavamizi walijua Kiswahili cha kuombea maji tu, wakaenda mtoni!" Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Na sisi je? Sisi wenye lugha yetu! Wazee walimtegea adui, wakanasa wajukuu!"

Tulirudi mbio, mwavuli wake ukiwa umebaki. Njiani alikuwa akiniambia kwa kuhema kwamba wale wazee walituachia vitu viwili: wimbo ukatoka nje na watoto, kitanda kikabaki ndani na wenye nyumba, na hakuna aliyewahi kuviweka pamoja. Kila aliyetuuliza tunakimbilia nini tulimjibu, kwa hiyo tulipofika nyumbani tulikuwa umati.

Bibi alikuwa amekaa kitandani, mikono imeshika ubao, macho makali.

"Nasikia mnataka kunihamisha."

"Mama, ni kwa muda mfupi tu," Shangazi akasema.

"Kitanda hiki hakihami."

"Nani alikwambia hakihami?"

"Mama yangu."

"Na yeye aliambiwa na nani?"

"Na mama yake."

"Na yeye, Mama? Mama yake bibi yako alikuwa nani?"

Bibi alitazama chini, kwenye shuka lake, kisha akaondoa mikono yake kwenye ubao taratibu, kama mtu aliyegundua amemkalia mwenzake.

"Nishusheni," akasema.

Tulimkalisha kwenye kiti pale pale chumbani, maana alikataa kutolewa nje. Mwalimu alisema ingefaa tuwaite watu wa makumbusho. Bibi akamuuliza watu hao ni wa ukoo gani. Mwalimu akasema basi angalau achimbe yeye, ana uzoefu. Bibi akatikisa kichwa.

"Asimwamshe mgeni. Wewe Mwalimu nakupenda, lakini hapa ni mgeni. Shika tochi."

Akaishika, tena kwa heshima, akituelekeza tuchimbe kidogo kidogo kwa mikono, tusimame tukiona chochote. Tulikata miguu ya kitanda kwa msumeno. Mhandisi, ambaye alikuwa bado yupo na sasa hakuna aliyeweza kumfukuza, akatuonyesha mahali pa kupiga patasi ili saruji itoke vipande bila kutikisa ardhi. Upande wa mto, yaani upande wa kichwa, Shangazi alipiga magoti. Dirishani kulijaa nyuso. Mimi nilikuwa nazoa udongo kwa sahani ya bati kwa pupa kiasi kwamba nusu ilirudi shimoni.

Udongo ulikuwa mkavu, wa rangi moja, bila chochote. Tukashuka hadi kiwikoni. Hakuna kitu. Kule dirishani mtu akasema, "Punda mwingine," nikamtupia bonge la saruji. Nilimwangalia Bibi. Alikuwa amefumba macho na pumzi zake zinasikika.

Shangazi akasimamisha kazi. "Niletee sindano. Ile kubwa."

Ni sindano anayotumia kuchoma magodoro ya zamani akitafuta mabonge ndani bila kuyafumua. Aliishusha kwenye udongo polepole, akaitoa. Akasogea kidogo, akaishusha tena. Akafumba macho, akalaza shavu karibu na ardhi, kama anavyosikiliza mito. Mara ya tatu sindano ikagonga: ting.

Akagonga tena. Ting.

"Hilo si jiwe," Mwalimu akanong'ona.

Alichimba kwa vidole. Kwanza kikatokea kitambaa, au kilichokuwa kitambaa, kikavunjika kama majivu. Halafu chuma chenye kutu, kirefu kama mkono wa mtoto, chenye tundu la kutundikia juu na kichwa cha mviringo chini. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni nini. Mwalimu aliangusha tochi. Aliketi sakafuni palepale, akajishika kichwa, akawa anasema, "Ulimi. Ulimi. Ulimi wenyewe."

Mimi nilipiga kelele ambayo nimeambiwa ilisikika sokoni.

"Basi," Bibi akasema. "Hapo hapo. Usiende chini zaidi. Mmebisha hodi, ameitikia. Inatosha."

Shangazi alimwekea kile chuma mapajani. Bibi alikifuta kutu kwa ncha ya khanga, tena na tena. Machozi yalikuwa yanadondoka juu yake na hakuyafuta.

"Nilizaliwa chumba hiki," akasema. "Nikazaa chumba hiki. Nikaomba mnilaze karibu naye." Akacheka, kile kicheko chetu, kikubwa, cha kwanza baada ya miezi mingi. "Jamani! Usiku wote wa maisha yangu nimelala naye!"

Mwalimu aliomba ulimi urudishwe kwenye kengele, iliyobaki bubu juu ya nguzo yake miaka yote, hata kwa mlio mmoja. Watu walidhani Bibi atakataa. Akasema walimficha kwa sababu ya adui, na adui ameshakwenda zake, sasa anyamazie nani? Kwa hiyo alasiri ile Shangazi alipanda ngazi ya nguzo, na sufi yake kwenye nywele, mhandisi akamshikia ngazi, na kengele ambayo hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuisikia ikalia. Ilikuwa na sauti mbaya, ya kukwaruza, kubwa ajabu. Mji mzima ulitoka nje. Mwalimu alicheza ngoma bila ngoma. Wazee kwa watoto waliimba kile kiwimbo, na safari hii walipofika "mtoni" walilaza vichwa kwenye viganja, wakacheka wao wenyewe.

Mimi nilirudi mapema kumwangalia Bibi. Tulikuwa tumefukia, tukasawazisha, na kitanda kimewekwa palepale pa zamani juu ya matofali. Aliniita dirishani, akanionyesha uani, nyuma ya ukuta wa kichwani.

"Mimi hapo," akasema. "Siku yangu ikifika. Kichwa kwa kichwa, ukuta mmoja tu katikati. Umepaona?"

"Nimepaona, Bibi."

"Basi sina haraka tena."

Shangazi aliingia amelowa jasho, mikono imejaa kutu, na kwapani amebeba ule mto aliokuwa akishona asubuhi, pindo limemaliziwa ovyo. Alichukua kile kikuukuu cha mama yake akaweka kipya. Bibi akalala, akageuza kichwa huku, akageuza kule. Shangazi alisimama juu yake, anasubiri hukumu kama siku zote.

"Mgumu, Mama?"

Bibi akavuta shuka hadi mabegani.

"Unazama?"

Nje kengele ilikuwa bado inakwaruza.

"Mama! Niutoe?"

Bibi hakufungua macho. Aliinua kidole kimoja, akakiweka mdomoni, na kwa mara ya kwanza katika ukoo wetu mtu akanong'ona.

"Shh, mwanangu. Tumelala."